Usiniambie Muziki ni Tiba Kabla Hujanijibu Swali Moja

Wiki iliyopita niliposti swali rahisi tu: ukivunjika moyo, unafanya nini? Nilidhani nitapata majibu ya kila aina. Zii. Komenti baada ya komenti zilisema kitu kimoja: nafunga mlango, naweka eafoni, nacheza nyimbo zangu. Msee mmoja akamalizia hivi: "Muziki ni tiba buda, na haukuitishi pesa ya kumwona daktari." Watu wakamlaiki hadi komenti yake ikapanda juu kabisa.

Nimekaa na hiyo komenti siku sita bila kuijibu. Kwanza, jibu langu ni refu. Pili, miaka miwili iliyopita mimi mwenyewe ningeandika maneno hayo hayo. Kwa hivyo leo ndiyo ninajibu. Kama uko kwa mathree na umebanwa na bahasha za watu, iweke usome ukifika kejani.

Nianze na mzee wangu.

Mzee alikuwa na pikapu ya zamani ambayo redio yake ilikuwa nzima kuliko injini. Jumapili baada ya kanisa alikuwa anaweka rhumba za Kongo. Mimi sijui Lingala. Yeye pia hakujua, lakini aliimba kila neno kama mtu aliyezaliwa Kinshasa. Na kilichomfurahisha zaidi hata hakikuwa maneno. Kama umelelewa na mzee wa rhumba, unajua mpangilio wake: wimbo unaanza polepole, sauti zinabembeleza, dakika tatu, dakika nne, halafu magitaa yanaanza kukimbizana na mdundo unabadilika. Hapo ndipo sebene inaingia, na hata mtu wa magoti mabovu anasimama. Mzee aliijua ile sekunde. Kabla haijafika alikuwa anatoa mkono mmoja kwa usukani, anainua kidole, anasema, "Ngoja. Ngoja. Inakuja." Ikishaingia, anapiga usukani, na mimi kitoto cha miaka tisa napiga dashibodi.

Alifariki nikiwa mwaka wa pili chuoni. Karo ilikuwa inatoka kwake. Nilijikokota nikamaliza ile semista, nikauza laptopu, halafu nikaacha. Watu huniuliza kama niliacha masomo ili nifanye hizi video. Hapana. Video zilikuja baadaye. Niliacha kwa sababu pesa iliisha na kichwa kilikuwa kimejaa.

Nilikuwa nakaa bedsita huko Kahawa Wendani. Kwa simu nilikuwa na orodha ya nyimbo niliyoipa jina "Saa Tisa", kwa sababu hiyo ndiyo saa ya usiku nilikuwa naifungua. Wa kwanza ulikuwa ule wa rhumba aliopenda mzee. Zilizofuata ni nyimbo za huzuni za kila lugha. Zikiisha zinaanza tena. Hivyo kwa miezi saba. Mathe anapiga simu, sishiki. Chakula kinakaa kwa sufuria hadi kinaota. Lakini ungeniuliza, ningekuambia Saa Tisa inanisaidia. Na singekuwa nakudanganya, ningekuwa naamini.

Baadaye nikaanza kusoma, maana kuacha chuo hakumkatazi mtu kusoma. Nilitaka kujua ni nini hasa kilikuwa kinanifanyikia.

Mwaka 1956 mtaalamu wa muziki wa Marekani, Leonard Meyer, aliandika kitabu chenye wazo moja kubwa: hisia kwenye muziki zinatokana na matarajio. Ukisikiliza wimbo, ubongo haukai kama ndoo ikisubiri kujazwa. Unabashiri noti inayofuata, mdundo unaofuata. Wimbo unakupa ulichotarajia, au unakuchelewesha, au unakugeuzia mambo, na hapo ndipo moyo unaruka. Meyer hakuwa na mashine ya kuona ubongo, lakini baadaye mashine zilikuja.

Mwaka 2001, huko Montreal nchini Canada, Anne Blood na Robert Zatorre waliwaambia watu walete muziki wao wenyewe, ule unaowafanya wasisimke hadi vinyweleo vinasimama. Wakawapima ubongo huku wakisikiliza. Sehemu zilizoamka ni zilezile zinazoamka mtu akipata chakula kizuri, akifanya mapenzi au akitumia dawa za kulevya. Fikiria hapo kidogo. Sauti haiwezi kuliwa, haikukingi baridi, lakini ubongo unaipokea kama kitu cha kukuweka hai.

Mwaka 2011, katika mji huohuo, Valorie Salimpoor na wenzake wakaangalia dopamini, ile kemikali ambayo ubongo hutumia kukuambia "hiki kifuate". Waligundua kuwa inatoka mara mbili, na katika sehemu mbili tofauti. Wimbo unapofika kilele, inatoka katika eneo linaloitwa akumbensi. Lakini sekunde chache kabla ya kilele, wakati unajua tu kwamba kinakuja, inakuwa tayari imetoka katika eneo jingine, kaudeti.

Niliposoma hapo niliweka simu chini. Ngoja. Ngoja. Inakuja. Mzee hakuwahi kusikia neno kaudeti maisha yake yote, lakini alikuwa ananifundisha kila Jumapili.

Na si kwamba dopamini ilikuwa inapita tu hapo karibu. Mwaka 2019 Laura Ferreri na wenzake walichukua watu 27, wakawapa kwa siku tofauti dawa inayoongeza kazi ya dopamini, dawa inayoipunguza, na kidonge kisicho na kitu. Ikiongezwa, watu walifurahia muziki zaidi, na walikuwa tayari kutoa pesa zaidi kwa ajili ya nyimbo. Ikipunguzwa, raha ilishuka. Wapo pia watu ambao muziki hauwagusi kabisa. Watafiti wa Barcelona waliwaeleza mwaka 2014: masikio yao ni mazima, wakishinda pesa wanafurahi kama wewe na mimi, lakini wimbo kwao ni kelele zilizopangwa vizuri. Kwa hivyo ukiwa na rafiki ambaye haelewi kwa nini unalia na wimbo, usimwite mkavu. Huenda ubongo wake umeunganishwa vingine.

Sawa, hiyo ni raha. Machozi je?

Mwaka 2008, Patrik Juslin na Daniel Västfjäll wa Sweden waliandika kwamba muziki una njia kadhaa za kuingia kwa hisia, si moja. Matarajio ni njia mojawapo. Nyingine ni kuambukizwa: mtu mwenye huzuni huongea polepole na kwa sauti ya chini, na wimbo wa polepole wa sauti ya chini unafanana na mtu huyo, kwa hivyo unaambukizwa huzuni yake hata kama ni gitaa tu. Halafu kuna kumbukumbu. Mwaka 2009 huko California, Petr Janata aliwachezea watu vipande vya nyimbo za utotoni na ujanani mwao huku akipima ubongo. Nyimbo zilizobeba kumbukumbu za maisha yao ziliamsha eneo la mbele, nyuma ya paji la uso, ambapo mambo yanayohusu wewe ni nani yanakutana.

Sasa elewa kilichokuwa kinanifanyikia saa tisa usiku. Wimbo mmoja ulikuwa unanipiga kwa njia zote kwa pamoja. Sauti zile za polepole zinaniambukiza. Kumbukumbu inamleta mzee, harufu ya petroli na viti vya pikapu. Halafu matarajio: ubongo unajua sebene inakuja, kaudeti inafanya kazi yake, sebene inaingia, na mtu wa kuinua kidole hayupo. Kisha narudisha mwanzo. Nilikuwa naulipa ubongo wangu dopamini ili urudi kila usiku pale panapouma.

Najua kuna mtu hapa anasema, lakini nyimbo za huzuni hunipa amani, usinidanganye. Sikudanganyi. Mwaka 2014 Liila Taruffi na Stefan Koelsch waliwauliza watu 772, wa nchi za Magharibi na za Mashariki, nyimbo za huzuni huwafanya wahisi nini. Hisia iliyotajwa mara nyingi zaidi haikuwa huzuni. Ilikuwa ile hamu ya siku zilizopita, uchungu wenye utamu ndani yake. Wengi walitaja utulivu pia. Kwa hivyo yule msee wa komenti hajakosea kabisa. Kwa watu wengi, siku nyingi, wimbo wa huzuni ni rafiki mzuri.

Lakini kuna watu wa kucheua. Unajua vile ng'ombe hufanya: alikula asubuhi, jioni amelala chini ya mti, analeta nyasi zilezile mdomoni anatafuna tena. Kuna binadamu wa hivyo na mawazo. Kosa la juzi, maneno ya mwisho uliyomwambia mtu, simu ambayo hukushika. Watafiti wa Australia, Sandra Garrido na Emery Schubert, wamewafuatilia watu wa aina hii. Walichokuta ni kwamba mtu mwenye tabia ya kucheua mawazo akichagua wimbo wake wa huzuni na kuusikiliza, anaweza kubaki chini zaidi ya alivyokuwa kabla. Na bado watu kama hao huzipenda sana hizo nyimbo. Zinawavuta.

Kilichoniuma zaidi ni hiki. Katrina McFerran na Suvi Saarikallio walikaa na vijana, rika letu na wadogo wetu, wakawauliza kuhusu muziki na hali zao. Vijana wakasema muziki huwasaidia. Hata wale waliosimulia nyakati ambazo nyimbo ziliwafanya wajisikie vibaya zaidi, bado waliendelea kusema muziki huwasaidia. Imani haikutikisika. Hapo nilijiona mimi, na sufuria langu, na simu za mathe ambazo sikushika.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya, na unaweza kunipinga hapo chini: muziki si tiba. Muziki ni nguvu. Dawa inakuja na kipimo, mara ngapi kwa siku na kwa siku ngapi. Nguvu haina maelekezo, inakusukuma upande ule tayari umeegemea. Tiba ya muziki ipo, ndiyo, ni taaluma, watu husomea. Lakini pale kuna mtu aliyefunzwa amekaa na wewe, kuna lengo, na kipindi kinaisha. Wewe na eafoni saa tisa usiku, wimbo ukijirudia wenyewe, hicho ni kitu kingine. Tusivipe jina moja.

Utaniuliza, kwani tusiomboleze na nyimbo? Watu wetu wameomboleza na nyimbo tangu zamani. Kweli kabisa, na hapo ndipo ninataka kufika.

Nyumbani kwetu ni Kakamega, upande wa Isukha. Kwetu kuna isukuti, zile ngoma tatu, kubwa ya baba, ya kati ya mama na ndogo ya mtoto. UNESCO waliiweka mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Isukuti hupigwa harusini na hupigwa pia matangani. Kwa matanga ya mzee ilipigwa, na mimi nilikasirika. Nilikaa nyuma ya nyumba na eafoni masikioni nikijiuliza, hawa wanachezaje na mzee wangu amelala pale ndani ya sanduku? Kukhu wangu alikuja akanitoa eafoni moja, akaniambia kwa Kiluhya maneno ambayo kwa Kiswahili ni kama, "Kilio cha mtu mmoja hakiishi." Nilirudisha eafoni.

Leo namwelewa. Mwaka 2015 Bronwyn Tarr na wenzake walienda kwa wanafunzi wa sekondari huko Brazil, wakawachezesha dansi. Wengine walicheza kwa pamoja hatua kwa hatua, wengine kila mtu na zake. Baadaye wakawabana mkono na ule mkanda wa kupimia presha, kuona nani atavumilia maumivu zaidi. Waliocheza kwa pamoja walivumilia zaidi, na walijisikia karibu zaidi na wenzao. Yaani kucheza na watu kulipunguza maumivu ya mwili kwa namna ya kupimika.

Angalia tofauti sasa. Matangani, wimbo una watu. Una miguu inayotembea. Una mtu wa kukuona ukianguka. Na unaisha: ngoma zinawekwa chini, watu wanakula, wajomba wanahesabu mchango, kesho yake mtu anafagia ua. Saa Tisa haikuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Haikuwa na mtu, nilikuwa nimelala chali, na haikuwa na mwisho, kwa sababu simu haichoki. Tulichukua nguvu ambayo wazee waliizungushia ua mzima wa watu, tukaiweka ndani ya masikio mawili na kitufe cha kurudia.

Na hapa lazima nijishtaki mwenyewe. Mimi nafanya video. Najua kuwa ukiweka piano ya polepole chini ya maneno machache ya kuumiza, watu hawapiti. Wanakaa. Wanarudia. Nimefanya hivyo mara nyingi kuliko ninavyotaka kusema. Mwaka jana dada mmoja aliniandikia inboksi akasema ameicheza video yangu moja usiku kucha, hajalala, na eti asante, imemsaidia sana. Niliisoma nikafurahi. Nilifurahi, maze, kwa sababu nilikuwa naona namba. Ilinichukua siku mbili kuelewa kwamba alikuwa ananielezea Saa Tisa yake, na kwamba safari hii mimi ndiye niliyeiweka ile piano. Nilimwandikia, nikamuuliza kama kuna mtu naye hapo nyumbani. Tuliongea. Yuko sawa sasa, alienda kukaa kwa dada yake. Lakini zile siku mbili bado zinanisumbua. Ile video niliitoa.

Kwa hivyo swali langu kwako ndilo hili, na ni moja tu: wimbo ukiisha, unabaki vipi? Simaanishi wakati unacheza. Wakati unacheza dopamini inakudanganya, kila kitu ni kitamu, hata uchungu. Ukiisha, ukitoa eafoni, ukisikia jirani akikaanga vitunguu na watoto wakipiga kelele kwa ngazi, uko mwepesi kidogo kuliko ulivyoanza? Umelia, umepumua, unaweza kuinuka uoshe sufuria? Basi wimbo umekufanyia kazi nzuri, endelea nao na Mungu akubariki. Lakini kama umebaki mzito zaidi, na kitu pekee unachotaka ni kuurudia, na jana ilikuwa hivyo, na juzi, basi hapo hauombolezi. Unacheua.

Mimi nilijiwekea sheria ndogo. Wimbo wa kuniliza nausikiliza mchana, si usiku. Naucheza nikiwa nimesimama, nikifua au nikitembea, mwili ufanye kitu. Sirudii zaidi ya mara mbili. Na kama bado kuna uzito, simu inayofuata ni ya mtu, hata kama ni kumwambia mathe "niaje" halafu nikae kimya. Kama huna mtu wa kupigia, 1199 ya Kenya Red Cross ni bure, na upande wa pili kuna mtu wa kusikiliza.

Orodha ya Saa Tisa niliifuta, lakini si kwa ushujaa. Ilikuwa siku ya ukumbusho wa mzee, mwaka mmoja tangu atuache. Niliburutwa nyumbani. Jioni, baada ya maombi na chakula, binamu yangu akaunganisha simu kwa spika akaweka ule wimbo. Mwili wangu wote ukasema toka hapa. Nilikuwa nimeusikia mara mia tano peke yangu na ulikuwa haujawahi kunifikisha popote. Nikabaki kwa sababu nilikuwa nimebanwa katikati ya benchi. Sauti zikabembeleza, dakika tatu, dakika nne. Na mathe, ambaye mwaka mzima sikuwa nimeshika simu zake vizuri, akaweka kikombe cha chai chini, akainua kidole.

"Ngoja," akasema. "Inakuja."

Ikaingia. Wakasimama wote, na mimi nikiwa katikati nikainuliwa nao. Nililia vibaya sana, na nilikuwa nacheza. Wimbo ukaisha, mtu akaomba chumvi, mtoto akaanguka akaanza kupiga nduru, maisha yakaendelea. Usiku huo nililala.

Wimbo ulikuwa uleule. Noti zilezile, Lingala ileile nisiyoijua. Kilichobadilika ni nani alikuwa amekaa kando yangu.

Basi buda wa komenti, sijasema uzime muziki. Nimekuuliza swali. Leo usiku ukimaliza orodha yako, toa eafoni, hesabu hadi kumi, halafu uje uniambie ukweli hapa chini. Nitajibu, na safari hii sitachukua siku mbili.